Alijiosha Mara Saba

Kama umeng'atwa na mbwa leo, au jana, au hata mwezi uliopita, usisome haya kwanza. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, nenda hospitali, ukirudi utayakuta. Mimi sina haraka tena. Mtu niliyepaswa kumkimbilia nimeshamzika.

Naitwa Mwanahawa, wengi wananiita Mama Rehema. Nauza viungo: karafuu, mdalasini, pilipili manga. Navichukua kijijini kwetu juu mlimani, upande wa Tegetero, navileta mjini Morogoro. Kilakala nimekaa miaka mingi, nimemlea Rehema hapo mpaka kafika kidato cha nne. Sokoni mdomo wangu unajulikana, mimi si mtu wa kumezea neno. Mara moja tu nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema, na hiyo mara moja ndiyo ninayoiandika.

Mdogo wangu aliitwa Athumani. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba la mama ni letu sote wawili na watoto wangu, ila yeye ndiye aliyebaki juu kulilima. Alikuwa pia anaadhini kwenye msikiti wa kijiji. Mungu anisamehe, sauti yake ilikuwa kama ya jogoo mwenye mafua, na nilimwambia hivyo kila nilipopanda. Alikuwa ananijibu, "Dada, Mwenyezi Mungu haangalii sauti. Wewe ukienda kwake na ule mdomo wako, tutaona."

Ngedere walipomzidi kwenye mahindi, akafuga mbwa. Majirani wakasema, muadhini gani huyu anafuga mbwa? Naye kwa ubishi akampa mbwa jina la Mtajiju. Mama akaja juu. Mama yetu ni mtu wa swala tano na sunna zake, nguo yake ikiguswa na mbwa hata kwa bahati mbaya anaifua mpaka inachuja rangi. Akaapa kwamba mbwa yule akikanyaga uani kwake, Athumani atafute mama mwingine. Basi mbwa akawa analala kule shambani kwenye kibanda, na Athumani akimaliza kumlisha ananawa kijitoni kabla ya kurudi nyumbani. Mama alikuwa hamtaji mbwa yule kwa jina, alikuwa anasema "lile dudu lako."

Mvua za vuli zilikuwa zinaishia nilipopanda kuchukua mdalasini. Nikapitia shambani kumsalimia. Akaniambia mbwa haeleweki, siku mbili hagusi chakula, anatafuna kuni, sauti imemkauka. Kabla hajamaliza kusema, mbwa akatokea nyuma ya kibanda. Hakubweka. Alikuja kimya, akanidaka shavu la mguu, akang'ang'ania. Nilipiga ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Athumani akamrukia, akamtanua mdomo kwa mikono yake mwenyewe mpaka akaniachia, halafu akammaliza kwa mpini wa jembe. Alikuwa analia wakati anampiga. Alimpenda sana mbwa yule.

Baada ya kumfukia ndipo nikaona damu kwenye mkono wake wa kulia, pale katikati ya kidole gumba na cha shahada. Tundu dogo tu, kama la mwiba.

Tukateremka kijitoni. Tuliosha kama tulivyofundishwa madrasa juu ya kitu kilichoguswa na mate ya mbwa: mara saba, mojawapo kwa udongo. Athumani alihesabu kwa sauti, mguu wangu kwanza, halafu mkono wake. Alisugua kwelikweli. Alipofika saba akauinua mkono, akautazama, akasema, "Haya, tumeshatwaharika." Kwake habari ikawa imeishia hapo.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani akanishika bega. "Dada, wewe unachechemea, huwezi kuficha. Lakini mimi usinitaje. Mama akijua lile dudu limenitia meno nitahamia wapi?"

Nikamwambia, "Simtaji mtu." Tukacheka. Tulikuwa tumecheka hivyohivyo utotoni, kila tulipovunja bakuli la mama tukalifukia nyuma ya choo.

Kesho yake nilipeleka mdalasini kwa Mama Shabiri. Mama Shabiri ni Mhindi, duka la viungo alilifungua babu yake na yeye kazaliwa ghorofani juu ya duka hilohilo. Tunafanya biashara na kugombana miaka nenda rudi. Akaniona ninavyoburuza mguu.

"Mguu umefanya nini?"

"Mbwa."

"Mbwa wa nani?"

"Wa nyumbani. Ameshakufa."

Akausukuma mzigo wangu ukarudi upande wangu. "Sinunui hata kijiti. Nenda sindano kwanza."

"Mama Shabiri, huu ni mdalasini, wenyewe haujang'atwa."

"Mimi sinunui kwa maiti. Nenda! Mzigo utaukuta hapahapa."

Nikaenda nikilalamika njia nzima. Nisingesukumwa na yule mama nisingekwenda, nataka hilo lijulikane. Sikuwa na akili kuliko mdogo wangu. Mimi nilipata mtu wa kunifukuza dukani, yeye hakupata.

Pale hospitali benchi lilikuwa limejaa. Nikabanwa ubavuni na Bi Mwanne, jirani yetu wa kijijini, ameleta mjukuu mwenye kifua. Bi Mwanne ukimwambia jambo saa nne, saa sita liko mlimani. Akaniuliza habari za mguu, nikampa habari za mguu.

Muuguzi aliyenihudumia nitamwita Sista Upendo, mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Mlango wa chumba chake hauna pazia, na benchi liko hatua mbili kutoka hapo. Akaniosha kidonda upya kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu mpaka nikaona ananionea. Nikamwambia tumeshaosha mara saba, na kwa udongo. Akasema, "Mmefanya vizuri sana kuosha haraka. Kuosha kunapunguza. Lakini kilichokwisha kuingia ndani hakioshwi."

Sikusomea mambo hayo, nayarudia kama alivyonieleza. Alisema kirusi cha kichaa cha mbwa hakiendi kwenye damu. Kinashika mshipa wa fahamu, kinapanda nao polepole kuelekea kwenye ubongo, kama mtu apandaye kwetu Tegetero na mzigo. Kinaweza kuchukua wiki, kinaweza kuchukua miezi. Kinga ya mwili ina askari wa kutosha kukizuia njiani, ila wamelala, kwa sababu hawajawahi kukiona. Sindano inawaamsha na kuwaonyesha sura yake. Wakiwahi, kinaishia njiani. Kikishaingia kwenye ubongo, hao askari hata waje kwa maelfu wamechelewa.

Halafu akashika kalamu akaniuliza, "Kuna mwingine aliyeng'atwa na mbwa huyo? Hata kukwaruzwa?"

Nikamwona Bi Mwanne benchini, shingo imerefuka. Nikamfikiria mama, nikafikiria ahadi yangu.

"Hapana," nikasema. Akaandika.

Nilipewa kadi yenye tarehe tano. Ya siku hiyo, ya siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Jioni nikampigia Athumani nikamwambia aje, hata kesho. Akasema kesho wanavuna maharage.

"Athumani, hii si ya mchezo."

"Dada, nimejiosha mara saba. Huyo nesi kasemaje juu ya kuosha?"

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilisema, "Kasema kuosha ni vizuri sana, tumefanya la maana." Nilikuwa naogopa kumtisha, na sikutaka anikatie simu. Yeye akachukua hilo moja akafunga nalo mjadala. "Unaona? Dini yetu imeyajua hayo zamani." Yale maneno ya kwamba kilichoingia ndani hakioshwi nikayasema baadaye, lakini kwa mtu ambaye hasikii tena.

Siku ya tatu mkono ulivimba, nikashindwa kufunga magunia. Siku ya saba nilipata homa ya usiku mmoja, Rehema akanikanda. Kila nilipotoka kwenye sindano nilimpigia mdogo wangu nikamwambia njoo. Siku ya kumi na nne akanikatia simu. Nikasema potelea mbali, mtu mzima huyu, ana akili zake. Sindano ya mwisho nilichomwa wakati wa jua kali kabisa, jasho linatiririka, na Sista Upendo akanipigia makofi kama mtoto aliyemaliza chekechea. Nilirudi nyumbani na roho bado mkononi. Kwa wiki kadhaa kila mguu ukiwasha nilijua nakufa. Asubuhi nilikunywa maji nimesimama mbele ya kioo, nione kama koo linakataa. Rehema alinicheka mpaka akachoka.

Athumani aliteremka mara moja katika siku hizo kumletea Rehema maharage. Akanitolea mkono wake. "Tazama, mama wa sindano. Hata kovu halionekani." Nikaushika, nikaugeuza huku na huku, sikuona kitu. Nilifurahi. Haya mengine yote nimeyazoea, lakini hilo linaniuma kila siku: nilifurahi.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama na mvua za masika zikawa zinaanza kugonga mabati jioni. Wiki ya kwanza mama akapiga simu. Athumani hajisikii vizuri, halali, ana homa, zahanati wamempima malaria hakuna. Halafu mkono unamsumbua, unawasha ndani kwa ndani, unakufa ganzi.

"Mkono gani, mama?"

"Wa kulia."

Nikakaa chini palepale juu ya gunia la karafuu. Mama akawa anaita halo, halo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Mleteni mjini," basi. Mwoga mimi, na mdomo wote huu.

Wakafika kesho yake mchana, yeye na mama na mjomba wetu, Mjomba Kibwana, kaka yake mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Athumani alikuwa amekonda usoni, macho yanameta. Nilisema twende hospitali sasa hivi. Akakataa, amechoka na safari, amefunga, twende kesho. Mama alikuwa ameshamwambia mgonjwa hafungi, lakini kwa ubishi yule alikuwa hawezekani.

Magharibi tukakaa mkekani. Alipoadhini muadhini wa mtaani kwetu, Athumani akatabasamu, akasema, "Huyu naye anajiita ana sauti." Akala tende moja, kwa shida. Rehema akampa bilauri ya maji. Ilipokaribia mdomo shingo ikamkakamaa, kifua kikapanda, akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa binadamu, na bilauri ikaruka ikapasukia ukutani. Tukatazamana wote. Akajaribu tena kwa kikombe cha uji. Ikawa vilevile. Alikuwa na kiu ya siku nzima, midomo imepasuka, anataka maji, na mwili unamkatalia.

"Majini," akasema Mjomba Kibwana, ameshasimama. "Nimesema tangu juzi. Atafutwe mtu wa kumsomea."

Mama akaanza kusoma aya. Athumani akanitazama mimi. Hakutazama mwingine. Nikajua na yeye anajua.

"Si majini," nikasema. "Aling'atwa na mbwa. Siku ileile niliyong'atwa mimi."

Mama akaacha kusoma. "Nani aling'atwa?"

"Athumani, mama. Mkononi. Mimi nilijua."

Sikupigwa wala sikutukanwa. Mama alinitazama tu, muda mrefu, kisha akageuka akamkumbatia mwanawe. Maneno yake hayakunifikia tena kwa siku nyingi.

Tuliita bajaji. Kuna kitu nataka mwenye mgonjwa kama huyu akijue mapema: upepo unamtesa. Bajaji ilipoanza kwenda na upepo ukampiga usoni koo likambana, akajikunja, akashika chuma cha kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Nilimfunika kanga yangu gubigubi, dereva akaenda mwendo wa mtu anayetembea, wenye magari wanampigia honi nyuma. Dereva yule simjui jina. Hakuuliza kitu, na tulipofika alinisaidia kumshusha.

Daktari alikuwa kijana. Alimkagua, akauliza habari za mbwa, akautazama ule mkono. Kisha akanitoa nje mimi na mjomba, akatuambia polepole kwamba dawa ya kumrudisha hakuna. Watampa za kumtuliza asiteseke. Mjomba akauliza, "Hata Dar?" Daktari akasema, "Hata Dar, mzee wangu. Poleni sana." Mjomba Kibwana alivua kofia yake akaishika mikononi. Sijawahi kumwona kichwa wazi kabla ya hapo.

Siku tatu alizokaa pale nilizihesabu kwa zamu za wauguzi. Walimpa chumba cha peke yake. Sista Upendo alikuja asubuhi ya kwanza. Alinitambua mlangoni. Nilisubiri aseme kitu, nilikuwa nimejiandaa, nilitaka aseme. Akaingia akazima feni, akafunga dirisha, akavuta pazia kupunguza mwanga. Akalowanisha pamba akampitishia midomoni taratibu, tone kwa tone, akiwa amevaa glovu, akisema naye kama mtoto. "Kidogo tu, baba. Hivyo hivyo." Mdogo wangu alipata unyevu mdomoni bila kukabwa. Mpaka leo nikimwombea dua yule mama nalia.

Nilimfuata koridoni. "Sista, uliponiuliza, nilikudanganya."

Akavua miwani akaifuta. "Najua, mama. Nimetazama daftari." Akaivaa tena. "Sasa tufanye kazi. Nani amemuuguza huko kijijini? Nani ameguswa na mate ya mgonjwa kwenye kidonda au machoni?" Akanipa karatasi, tukaandika majina. Mke wa Athumani, wifi yangu Mwajuma, aliyebaki kijijini, alikuwa amemfuta mate kwa mikono yake yenye michubuko ya jembe. Aliteremshwa siku hiyohiyo akaanza sindano akiwa analia.

Kitu kibaya cha ugonjwa huu ni kwamba akili hairuki moja kwa moja. Inaondoka, inarudi. Alikuwa na saa za kupigana na kitanda, hamjui mtu. Halafu anatulia, ni Athumani yuleyule. Siku ya pili akaniita.

"Dada, zako ulichoma zote?"

"Zote tano."

"Una uhakika? Hukuruka?"

"Sikuruka."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho. "Basi usijisumbue. Mimi ndiye niliyekuambia usinitaje."

Nilitamani anilaumu. Nilimwambia anisamehe, akasema ameshanisamehe, na niache kelele maana sauti yangu ndiyo inayomkwaruza masikio, si ya kwake. Tulicheka kidogo. Halafu ikamrudia.

Alifariki siku ya tatu, muda mfupi baada ya adhuhuri, dawa za kumtuliza zimemlaza. Mama alikuwa amemshika mguu.

Sista Upendo aliwapa wanaume glovu za kumwoshea, akawafundisha namna ya kujikinga. Mjomba Kibwana na wenzake walimwosha wakamvika sanda yake kama inavyotakiwa, hakupungukiwa kitu. Tulimpandisha mlimani mvua ikinyesha, vijana wakipokezana jeneza kwenye utelezi mpaka kijijini. Mama alitembea mbele, mimi nyuma. Wanawake waliponipa mkono wa pole mama alitazama pembeni.

Siku ya kuanua tanga watu walijaa uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, mikekani. Ni kawaida mkubwa wa ukoo kusimama na kueleza marehemu aliuguaje. Mjomba Kibwana akasimama. Alikuwa amesikia kila alichosema daktari, lakini kifo cha namna ile ni kizito kukimeza, na aliposhindwa kukimeza akatafuta mtu. Akasema hospitali wana yao, ila sisi wenyeji tunajua kuna mtu ambaye marehemu aligombana naye juu ya mpaka wa shamba mwaka juzi. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kila mtu alimgeukia Mzee Salumu, jirani yetu, aliyekaa na fimbo yake karibu na mgomba.

Nikasimama. Mwanamke kusimama pale na kumkata kauli mjomba wake si jambo dogo kwetu.

"Shikamoo mjomba. Naomba unisamehe mbele ya watu. Mzee Salumu hana kosa. Mdogo wangu kauawa na mbwa wake. Jino liliingia mkononi, akajiosha mara saba, akaona yamekwisha. Mimi nilijua. Niliulizwa hospitali kama kuna mwingine, nikasema hapana, kwa sababu niliahidi kumficha. Mimi nimechomwa sindano, na niko hai. Kama yuko mwingine yeyote hapa, mkubwa kwa mdogo, ambaye mbwa yule alimgusa kwa meno, asione aibu. Ashuke nami kesho."

Ikanifikia minong'ono ya wanawake, mwingine akasema wazi, "Kumbe yeye ndiye." Niliyasikia nikiwa nimesimama, nikajikaza kisabuni. Mjomba akakaa. Baba mmoja wa upande wa wanaume akanyosha mkono akasema kijana wake wa kuchunga alikwaruzwa ugokoni siku zilezile, alidhani ni kitu kidogo. Nikamwambia amlete.

Nilikuwa naanza kukaa ndipo nikasikia sauti ya mama. Ilikuwa mara ya kwanza aongee mbele ya watu tangu mazishi, na alikuwa ananiambia mimi, kwa Kiluguru, lugha anayoirudia kila jambo likimzidi.

"Na mimi," alisema.

Nilidhani anasema na yeye anajilaumu. Akatoa mkono kwenye kanga akaninyoshea kidole cha pete. Chini ya kucha kulikuwa na kialama cheupe. Akasema alikuwa anampelekea yule mbwa ukoko wa wali, kila siku, Athumani akiwa amekwenda kuadhini alasiri. Tangu mbwa huyo alipokuwa kitoto. Siku moja kabla ya mimi kung'atwa alikuwa amemwekea ukoko, mbwa akamdaka kidole. Akaenda kijitoni, akaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hakumwambia mtu.

Mungu wangu. Mama yangu, mwenye kufua kanga mpaka ichuje rangi.

Kesho yake tulishuka watu watano, bodaboda tatu, mama nyuma yangu amenishika kiuno kwa nguvu. Sista Upendo aliwaosha, akawachoma, akawapa kadi. Nilimuuliza pembeni kama mama hajachelewa, maana miezi imepita. Akasema hajui, hakuna ajuaye. Madhali hajaugua bado ipo nafasi ya kuwaamsha askari wake, na tuanze tu.

Basi zikaja tena siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne. Masika ilikuwa imekolea, mlima hauonekani kwa mawingu wiki nzima. Mama alikaa kwangu Kilakala muda wote huo. Tulikula pamoja, tulifuturu pamoja, Idi ikapita bila nguo mpya, na bado neno kati yetu ni "nipe chumvi" na "funga mlango." Nilimtazama anapokunywa maji, naye alijua namtazama. Wifi yangu Mwajuma alimaliza zake salama. Yule kijana wa kuchunga alimaliza zake. Hivi ninavyoandika mvua za vuli zimeanza tena, na wote wazima.

Siku ya ishirini na nane tulikuwa benchini, mama na mimi, benchi lilelile lenye kujaa. Alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. Nilikuwa nimezoea kimya chake, natazama watu wanavyoingia na kutoka. Akaanza kuongea bila kunigeukia.

"Aliniogopa mimi."

"Mama, yamepita hayo."

"Hayajapita. Aliogopa nitamfukuza kwa ajili ya mbwa. Na mbwa mwenyewe mimi nilikuwa namlisha. Nilimwonea haya mwanangu, nikaona atanicheka. Ningemwambia tu, Athumani, leo nimempa mbwa wako ukoko, na yeye angeniambia kang'atwa."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, watu wote wanasikia. Muuguzi akaita jina lake, mama akanipa kadi nimshikie, akaingia kuchomwa ya mwisho.